Bwana Shamba Asiyeamini Mteremko

Bwana Shamba hakuwahi kunisalimia kabla ya kutazama viatu vyangu. Angetazama udongo ulioshika kwenye soli, apige hesabu zake kimyakimya, ndipo aniulize habari ya asubuhi. Ukiwa mwekundu na mzito, alijua nimelala Meru. Ukiwa na mchanga mweupemweupe, alijua nimetoka kwetu Gachoka, na hapo angetaka kujua nilifuata nini huko na ni nani aliyenituma. Nilimfahamu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikumbuki siku aliyopokea jibu langu bila kuligeuza upande wa pili kwanza, kama mama achaguaye nyanya sokoni.

Simwiti kwa jina kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina. Kwetu Mbeere alikuwa Bwana Shamba, mtu wa serikali aliyetumwa kufundisha watu kilimo, na alipostaafu akarudi kwao Meru, cheo hicho kikamfuata kama mbwa. Kwao ni wapi hasa, alisomea wapi, nani alimzaa, sikuuliza. Hakuwa mtu wa kuulizwa. Ukimuuliza swali, naye alikuuliza unataka kulifanyia nini jibu.

Kazi yake ilikuwa mteremko. Wengine walitumwa kwa pamba, wengine kwa mifugo. Yeye alitumwa kuzuia udongo usihame na mvua. Alitembea na fimbo mbili za urefu sawa, kamba, na pimamaji, kile kichupa chenye kipovu ambacho fundi wa nyumba hutumia kujua kama ukuta umelala. Watu wawili walisimama na fimbo, kamba ikanyooshwa kati yao, kichupa kikaning'inizwa katikati, na yeye akapiga magoti kukisoma. Kipovu kikitulia katikati, kigingi kinapigwa. Hivyo hivyo mpaka vigingi vikavuka kilima chote bila kupanda wala kushuka. Kisha unachimba mtaro kufuata vigingi, na udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Maji yakija, yanakuta ukuta. Kazi hiyo tuliiita fanya juu, na hata leo ukienda Kiritiri ukisema fanya juu, mtoto wa shule atakuonyesha.

Sasa neno lenyewe, mteremko, kwetu liko katika kila kinywa na kila mmoja analivuta upande wake. Barabara ikishuka ni mteremko. Barabara ile ile ukiipanda ni mlima, hata kama ni kichuguu tu, na mwenye baiskeli atakuambia haiwezi mlima. Bei ya ndengu ikianguka, wachuuzi husema imeshika mteremko. Mlevi ameshika mteremko, mzee aliyeanza kusahau majina ya wajukuu naye ameshika mteremko. Na kitu chepesi ni mteremko pia: mtihani ulikuwa mteremko, kazi ya ofisini ni mteremko. Matumizi haya ya mwisho yalimkera Bwana Shamba kuliko dhambi nyingi.

"Nani alikuambia mteremko ni rahisi?" alinikemea siku moja, nilipomwambia kwamba kuuza kunde wakati wa Krismasi ni mteremko. "Huyo mtu hajawahi kuchota maji. Kwenda mtoni na mtungi tupu, sawa, ni mteremko. Kurudi je?"

"Kurudi ni mlima."

"Si ni hapo hapo? Mteremko ni moja. Ni wewe umegeuka."

Hakuamini mteremko wowote, uwe wa ardhi au wa maneno. Kwenye njia ya kushuka hakukubali mtu atembee nyuma yake. Angejifanya anafunga kamba za viatu mpaka wote wapite, ndipo afuate. Nilimuuliza sababu, akasema aliye juu yako akiteleza, ni wewe utakayeanguka. Kwenye harusi alikaa upande wa juu wa uwanja. Akienda kwa mtu kunywa chai, kiti alikisogeza mpaka mgongo wake ukatazama ukuta na macho yake yakatazama bonde. Na mtu akimsifu, ndipo alipofunga vifungo vya koti. Alisema sifa ni mahali laini pa kuteleza.

Kule kwao walijenga kanisa jipya. Siku ya kulifungua, wahudumu wa kanisa wamevaa sare, kwaya imesimama, Bwana Shamba alitoa limau mfukoni akaliweka sakafuni karibu na mlango. Limau lilianza kutembea lenyewe. Lilipita kina mama wa chama, likapita wazee, likaenda kusimama miguuni pa mchungaji. Yeye alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba msingi umelala upande wa mto na fundi atafutwe kabla hajafika mbali. Mchungaji hakumsamehe kwa muda mrefu. Lakini ufa ulipotokea ukutani baada ya mvua mbili, mawe ya kushikilia msingi yalitoka kwa Bwana Shamba, na alikataa kutajwa wakati wa matangazo. Watu wakajiuliza ni nini anachoficha, maana mtu atoaye mawe bure huenda anataka kuzikwa karibu na kanisa.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kumshuku, na si ya limau. Nilimshuku kwa sababu ya kilima chetu.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana, akamwachia mama kilima kimoja karibu na Gachoka, mbuzi wachache, na mimi, mtoto mmoja, tena wa kike. Baba mdogo, yaani ndugu yake baba, alikaa ng'ambo ya pili ya kilima. Alikuja kila mara kutujulia hali, na kila akija alitazama kilima kuliko alivyotutazama sisi. Mama alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," halafu akampikia.

Bwana Shamba alipokuja na vigingi vyake nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, msichana mkubwa wa kushika jembe. Ulikuwa wakati mbaya wa kuja na vigingi. Kwanza, wazee walikumbuka matuta ya mkoloni, yale ya kuchimba kwa filimbi na kiboko, na uhuru ulipofika, kitu cha kwanza ambacho wengi waliufanyia uhuru wao ni kuyabomoa matuta hayo. Pili, kulikuwa na habari kwamba serikali inakuja kupima ardhi, kila mtu apewe yake kwa namba. Kigingi chochote kilikuwa na uso wa kuibia mtu. Mama aliving'oa usiku ule ule. Kesho yake Bwana Shamba akavirudisha bila neno. Mama akaving'oa tena. Asubuhi ya tatu tulimkuta amekaa juu ya jiwe anatungoja.

"Mama Wanjira," akasema, "hizi vigingi zangu zinatembea?"

"Sijui. Pengine ni mbuzi."

"Mbuzi zako ziko na mikono?"

"Na wewe nani amekuambia uniwekee miti kwa shamba?"

"Hii si ya kupima shamba. Ni ya kushika maji."

"Hata mkoloni alisema hivyo."

"Mkoloni alikuchapa. Mimi nimekuchapa?"

Mama akaingia ndani. Lakini mvua ya kwanza ilipokuja ilichukua ndengu zetu zote changa, mbegu na udongo wake, ikazipeleka chini mtoni, na mama akasimama kilimani akitazama mawe yaliyobaki. Alimwita mwenyewe. Tukachimba mtaro, mama na mimi, kwa wiki nyingi, na Bwana Shamba hakugusa jembe. Alipita jioni, akapiga magoti, akatazama, akaenda.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hata wakati ule hayakunikalia vizuri. La kwanza, kilima chetu kilikuwa kirefu, na kwa majirani alikuwa akiweka mistari minne, mitano, mmoja chini ya mwingine. Kwetu aliweka mmoja tu, katikati kabisa, akasema mingine mwaka ujao. Mwaka ujao haukufika. La pili ni mkonge. Tuta jipya hupandwa nyasi lisibomoke, lakini yeye alituletea miche ya mkonge.

"Mkonge ni ya mpaka," mama akamwambia. Na ndivyo ilivyo kwetu Mbeere. Ukiona mkonge umesimama mstari mmoja, unajua hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani.

"Mkonge ni ya mahali kuna mbuzi," akajibu. "Ukipanda nyasi, mbuzi zitakula. Mbuzi zako mimi nazijua, ziko na mikono."

Mama alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na akapanda. Kosa lilianzia kwenye kicheko hicho, nilivyoamini miaka yote iliyofuata.

Kwa maana kabla ya mkonge kushika vizuri, Jumamosi moja niliona moshi kilimani. Nilipanda kwa upande wa vichaka nikaona Bwana Shamba na baba mdogo wamekaa penye mstari wetu, wamechoma mbuzi, wanakula na kucheka. Sisi hatukualikwa, na mtaro ulikuwa bado una alama za majembe yetu. Niliporudi nilimwambia mama. Alichukua ungo akapepeta mtama ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Kamati ya wazee wa ardhi ilifika baada ya mavuno, pamoja na mpimaji. Wakapanda kilima, wakakuta mstari wa mkonge, wakasimama. Wakamuuliza baba mdogo kama huu ndio mpaka wake na mke wa marehemu. Akasema ndiyo, juu ni kwangu, chini ni kwa shemeji. Mama akasema la, hilo ni tuta la kuzuia maji, kilima chote kilikuwa cha mume wangu. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Mama, ni nani hupanda mkonge katikati ya shamba yake mwenyewe?" Watu wakacheka kidogo. Mama akaomba Bwana Shamba aitwe, na bahati alikuwa pale barabarani. Akaja. Wakamuuliza kama mstari ni wake.

Akatazama viatu vya wazee, akatazama bonde, akasema, "Mimi ni mtu wa udongo. Mipaka si kazi yangu."

Basi. Mpimaji akaandika alichoandika, na nusu ya juu ya kilima cha baba yangu ikaenda. Mama alimsogelea Bwana Shamba mbele ya watu wote, akamwambia, "Umekula. Umekula, na Mungu ameona." Yeye akakunja kamba yake polepole mpaka ikaisha, akashuka akiwa wa mwisho, kama kawaida yake.

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu hakuitwa Bwana Shamba. Mama alimwita Yule Aliyekula. Akipita barabarani, mama aligeuza mgongo mpaka vumbi lake litulie. Nami nikajifunza chuki kutoka kwa mama kama nilivyojifunza kusuka kiondo, kwa kukaa karibu na kutazama mikono.

Miaka ikaenda. Niliolewa Meru, na mama akibaki kwenye nusu yetu ya chini, mimi nikaanza kuuza ndengu, kunde na mtama katika soko la Gakoromone. Mavuno ya kwetu yalikuwa mazuri. Jambo hilo watu walilisema na sisi tukalipokea kama haki yetu: nusu ya chini ilikuwa na udongo, na nusu ya juu aliyoichukua baba mdogo ilikuwa mawe na miiba. Mama alisema Mungu si Athumani. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Asubuhi moja nikainua macho nikamwona Yule Aliyekula amesimama mbele ya magunia yangu, amestaafu, koti lile lile. Alitazama viatu vyangu, akanisalimia kama tulioachana jana. Akachota ndengu kwa kiganja, akazinusa, akazimimina polepole kwenye gunia akitazama kama kuna mawe.

"Hizi ni za chini ya mkonge ama juu?"

"Chini," nikasema. "Juu ni mawe tu. Si unajua."

"Najua," akasema, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Ningeweza kumfukuza. Lakini sokoni humfukuzi mteja, na tena nilitaka kumtazama kwa karibu, nijue mtu aliyetuuza anakaaje duniani. Basi kwa miaka mingi alikuja, akanusa, akakosoa, akanunua. Aliniita mwari, binti kwa lugha ya kwao, na kila aliponiita hivyo nilihisi kama ameshika kitu changu bila ruhusa. Alinifundisha mengi bila mimi kumwomba. Alisema mvua ya Machi ni ya kuaminiwa nusu. Alisema mtu akikuambia shamba lake ni tambarare, nenda na limau. Alisema maji hufuata mkondo, na watu nao hufuata maji, kwa hiyo ukitaka kujua mtu ataelekea wapi usimwulize, tazama bonde lake liko upande gani.

Niliwahi kumpelekea mbegu nyumbani kwake, kule juu ambako shamba limesimama kama ngazi. Migomba, kahawa kidogo, matuta yamepangwa mazuri mpaka ukayaonea wivu. Kitu kimoja kilinishangaza. Kati yake na jirani hapakuwa na ua, wala mti, wala hata jani la mkonge. Palikuwa na kijia kitupu kilichofagiwa.

"Mpaka wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Jirani anajua, mimi najua. Mti wa nini?"

"Kwetu ulitupandia."

Akaingiza mkono kwenye gunia. Kisha akasema mbegu nilizoleta zina unyevu na nizianike tena. Nilishuka mlima ule nikimlaani, na sioni haya kusema.

Mama alifariki wakati wa mavuno ya kunde. Siku za mwisho alisema mambo machache, na moja ni kwamba yule mtu wa Meru asikanyage matanga yake. Hakukanyaga. Lakini siku ya mazishi, nilipoinua kichwa wakati wa sala, nilimwona amesimama mbali chini barabarani, kofia mkononi, peke yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mahali ambapo sote tulikuwa juu yake. Sikumwambia mtu. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine nisichokitaka.

Ardhi ya Mbeere ilipimwa mapema lakini hati zake zilichelewa, kesi juu ya kesi, mpaka waliopimiwa wakazeeka wakingoja. Habari ilipokuja kwamba sasa zinatoka, mama hakuwa na mwaka kaburini. Baba mdogo naye alikuwa ameshatangulia. Mwanawe mkubwa, Njiru, alinijia akiwa na soda mbili na maneno matamu.

"Dada, wewe umeolewa. Uko na shamba kwa mzee wako. Hii ya chini wacha irudi kwa familia."

"Mimi si familia?"

"Usichukue hivyo. Lakini ile mkonge haikuwa boundary, hata mama yako alisema mbele ya kamati. Ilikuwa terrace ya kushika maji. Baba alimwachia tu alime kwa huruma."

Nilibaki nimeshika soda. Maneno ya mama yangu mwenyewe, aliyoyasema kuitetea nusu ya juu, ndiyo yaliyokuwa yanakuja kuchukua nusu ya chini. Shauri likapangwa kwa wazee, mbele ya naibu wa chifu, pale Gachoka. Nikishindwa, kaburi la mama lingebaki ndani ya shamba la Njiru, na ndengu zilizolisha watoto wangu zingeisha. Wazee wa kamati walikwisha kufa, daftari la mpimaji halikuonekana, na shahidi aliyekuwepo siku mstari ulipowekwa, aliye bado hai, alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta amekaa kizingitini mwa nyumba yake, amezeeka, magoti yamekataa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mtu hupanda hii mlima peke yake bila neno."

Nikamweleza. Alisikiliza akitazama bonde. Nilipomaliza nikamwambia moja kwa moja kwamba alimuuza mama yangu, na kwamba nimekuja kwa sababu sina mwingine, si kwa sababu nimesamehe.

"Baba yako mdogo alitaka yote," akasema. "Ile kamati ilikuwa ya rika yake. Mjane na msichana mmoja, mngetoka hapo na sufuria. Mimi akaniambia nipitishe mstari chini kabisa karibu na mto, ipandwe mkonge, halafu wazee wakija aseme hapo ndio mpaka. Nyinyi mbaki na mchanga wa mto. Akaleta mbuzi."

"Na ukakula."

"Nikakula. Lakini nikamwambia tukulie kwa mstari. Akaona uko katikati, akauliza mbona. Nikamwambia pimamaji imekataa kushuka. Mteremko ndio huamua, si mimi."

"Na ni kweli?"

"Uongo. Kipovu hukaa mahali popote. Ni wewe unachagua utaanzia wapi." Akakohoa. "Yeye alitaka kilima, nikampa mawe."

"Mbona hukumwambia mama? Alikufa akikuchukia."

"Mama yako angejua, angenishukuru. Angenishukuru kanisani, angenishukuru sokoni. Baba yako mdogo angesikia, arudi kwa kamati. Mtu akichukiwa vizuri, hakuna mtu humuuliza maswali."

Nilimtazama. Hadithi ilikuwa imenyooka mno. Mtu mwenye akili kama yake, na miaka mingi hivyo ya kuipika, angeweza kuipika ikaiva. Huenda alikula mbuzi kama mla rushwa yeyote, akapiga vigingi mahali palipomrahisishia, na sasa uzeeni anataka kutoka na jina safi. Nikamwambia hivyo.

"Basi usiamini," akasema. "Utanikujia siku gani?"

Siku ya shauri wazee walikaa kwenye viti vya shule nje ya ofisi, na watu wa kilima chote walikuja. Njiru alizungumza vizuri. Kisha Bwana Shamba akasimama kwa fimbo, na Njiru hakumngoja hata aanze.

"Wewe ndio ulisema mipaka si kazi yako. Ama umesahau?"

"Sijasahau. Si kazi yangu. Ni kazi ya mbuzi."

Akaeleza kwa maneno machache. Kwamba baba yake Njiru alileta beberu, akamchinja kwa mkono wake mwenyewe, penye mstari, na wakamla pale pale, na wakati wa kula alisema juu ni kwake, chini ni kwa shemeji yake. Hakuficha kwamba mbuzi yule aliletwa kuwa hongo. Kisha akawauliza wazee: "Mimi ni mtu wa kuja. Nyinyi mniambie. Huku kwenu, watu wakikula mbuzi juu ya mstari, hiyo ni nini?"

Hapakuwa na asiyejua. Kwetu mbuzi akiliwa mpakani, mpaka umekaa, na atakayeusogeza anavunja kiapo. Baba mdogo alikuwa amefikiri anamlisha mtu wa serikali. Hakukumbuka yuko wapi wakati kisu kinapita.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akainua mkono. "Mimi nilipita na ng'ombe siku hiyo," akasema. "Nilipewa shingo."

"Na mbona hukusema siku ya kamati?" naibu wa chifu akauliza.

"Sikuwa kwa kamati. Na hakuna mtu aliniuliza."

Wazee walijitenga, wakanong'onezana, wakarudi. Mstari wa mkonge ulikuwa mpaka. Nusu ya chini ilikuwa ya mama, na baada ya mama ilikuwa yangu. Njiru alimwendea Bwana Shamba macho mekundu.

"Kwa hivyo ulikula mbuzi ya baba yangu na ukamdanganya."

"Ndiyo."

"Na huoni aibu."

"Naona. Ndio maana nimechelewa kusema."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alitaka nitangulie kwenye mteremko, nikakataa. Nikamshika mkono tukashuka sambamba. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa imeingiwa na mchanga. Mbuzi nilikuwa nimemwamini, kwa sababu ya shingo ya yule mzee. Moyo wa aliyemla ndio niliokuwa bado siujui, na nilijua nisipomuuliza siku hiyo sitamuuliza tena.

"Niambie ukweli," nikasema. "Ulifanya kwa sababu yetu, ama ulitaka nyama tu, na mengine yakajipanga yenyewe?"

Akasimama kupumua.

"Shamba ni ya nani sasa?"

"Ni yangu."

"Basi unataka nini tena, mwari?"

Machozi yalikuwa yameshanitoka.

"Nilitaka mama angesikia," nikasema.

Alitazama juu kilimani, mahali kaburi la mama lilipo.

"Hata mimi," akasema.